Kuuza au Kununua? Msafiri wa Lubumbashi Katika Mji wa Guangzhou

Miongoni mwa miji ya ng'ambo ambayo majina yake yamekuwa ya kawaida katika masoko ya Lubumbashi, Guangzhou ni wa kwanza, au hauko mbali na wa kwanza. Katika soko la Mzee Laurent-Désiré Kabila, au katika lile la Kenya (hapa Kenya ni komini ya mji, siyo nchi), hata mtu asiyewahi kuvuka mpaka wa Kasumbalesa hulitaja jina hilo kama anavyotaja Likasi au Kolwezi. Nguo, viatu, vigae, taa, vipuri vya pikipiki, simu na vifuniko vyake: vingi vimetoka huko au vimepitia huko. Wanaovileta ni wafanyabiashara wa mtaji mdogo na wa kati, na wengi wao ni akina mama. Hao hutia katika safari moja akiba ya miaka kadhaa, pamoja na fedha za ndugu na za likelemba, yaani mchezo wa kupeana kwa zamu. Kosa moja likitokea, wanaoumia ni watu wengi kuliko yule aliyepanda ndege.

Nia ya makala hii ni kueleza mambo yanayomkabili mtu wa Lubumbashi afikapo Guangzhou kwa mara ya kwanza, hususan yale yanayotokana na lugha. Kuhusu urefu wa majumba na wingi wa watu hapana haja ya kusema mengi. Mgeni huyashangaa kwa siku mbili tatu, kisha macho huzoea. Masikio hayazoei upesi hivyo. Mtu mwenye lugha nne, yaani Kiswahili, Kifaransa, Kiluba au Kibemba, na Kilingala kidogo, hujikuta huko kama bubu, na faida au hasara ya safari yake hutegemea jinsi neno lake linavyopokezanwa kinywa kwa kinywa hadi limfikie mwenye mali. Kiswahili kimo katika mapokezano hayo, tena mahali ambapo wengi hawatazamii kwamba kinaweza kuleta taabu.

Kuingia mjini

Ubalozi wa China upo Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Lubumbashi, kwa hiyo safari ya kwenda mashariki huanza kwa pasipoti kusafiri magharibi. Viza ya biashara, ambayo tangu mwaka 2013 hutambulishwa kwa herufi M, huombwa kwa barua ya mwaliko kutoka China. Ikipatikana, njia iliyozoeleka ni ndege ya Ethiopian Airlines kutoka uwanja wa Luano hadi Addis Ababa, na kutoka huko hadi uwanja wa Baiyun. Mtu wa Lubumbashi amezoea kushika dola za Marekani mkononi, kwani ndizo zinazotumika nyumbani kwa kila ununuzi mkubwa. Lakini sheria ya China humtaka atangaze forodhani fedha taslimu za kigeni zinazozidi dola 5,000. Jambo hili ni vyema lijulikane kabla ya kupanda ndege, si baada ya kushuka.

Tofauti ya wakati kati ya Lubumbashi na Guangzhou ni saa sita. Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Saa ya mkononi iliyorekebishwa kufuata wakati wa Guangzhou husoma wakati wa Lubumbashi kwa hesabu ya pwani: Guangzhou ikiwa saa 13:00, mshale wa saa huelekea kwenye moja, na wakati huo huo Lubumbashi ni saa 7:00, ambayo Mswahili wa pwani huiita saa moja asubuhi. Saa iliyokuja kutoka China, basi, husema Kiswahili sanifu bila kufundishwa. Ila mtu wa Lubumbashi amezoea kutaja saa kwa Kifaransa. Akiwa Guangzhou akaambiwa na wakala wa Tanzania wakutane kiwandani saa tatu, anaweza kujiandaa kwenda alasiri, wakati mwenzake amekwisha kumngoja tangu asubuhi.

Mji wenyewe upo katika jimbo la Guangdong, kandokando ya Mto Lulu, na sensa ya mwaka 2020 ilihesabu humo watu wapatao milioni 18.7. Anayetoka katika uwanda wa juu wa Katanga, ambako Lubumbashi upo mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, hupokewa na joto lenye unyevu ambalo hukaa mwilini hata usiku. Usafiri si mgumu kama inavyodhaniwa. Njia ya kwanza ya treni za chini ya ardhi ilifunguliwa mwaka 1997, na leo mtandao huo unafika karibu kila penye biashara. Majina ya vituo huandikwa pia kwa herufi za Kirumi, na hutangazwa kwa lugha ya taifa ya China, kwa Kikantoni na kwa Kiingereza. Taabu huanza mtu atokapo kituoni, kwa kuwa madereva wa teksi husoma maandishi ya Kichina tu. Ndiyo maana wazoefu humshauri mgeni achukue kadi ya hoteli yenye anwani ya Kichina na kuitunza kama anavyotunza pasipoti.

Mgeni wa leo hakosi mtangulizi. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, anasimulia katika kitabu cha safari zake kwamba katika miaka ya 1340 aliifikia China, na miongoni mwa miji anayoieleza umo huu wa Guangzhou. Wako wanazuoni wanaotilia shaka sehemu hiyo ya masimulizi yake. Hata hivyo, mambo mawili aliyoyataja yangemvutia msafiri wa Lubumbashi. La kwanza ni kwamba mfanyabiashara mgeni aliwekwa chini ya mwenyeji, ambaye alipokea fedha zake, akazitunza kwa hesabu na kumnunulia alichohitaji. La pili ni kwamba wageni walichorwa sura bila wao kujua, ili mwenye kosa akitoroka mchoro wake upelekwe mbele na akamatwe.

Siku hizi sura hupigwa picha uwanjani, na uandikishaji una sheria yake. Kwa mujibu wa sheria ya kuingia na kutoka iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013, mgeni anayelala hotelini huandikishwa na hoteli hiyo. Anayelala katika nyumba ya mtu hana budi kujiandikisha katika kituo cha polisi ndani ya saa 24. Asiyefanya hivyo huonywa, na anaweza kutozwa faini isiyozidi yuan 2,000. Mtu wa Lubumbashi, ambaye kwake kufikia kwa ndugu ni heshima na kwenda hotelini ni kama kumtusi mwenyeji, huliona sharti hili kuwa geni sana. Lakini karatasi hiyo ndogo ya polisi ndiyo anayoulizwa mara ya kwanza asimamishwapo njiani.

Neno lenye pande mbili

Watu wa Afrika hukutana zaidi katika mtaa wa Xiaobei (hutamkwa karibu na Shaobei), na maana ya jina hilo ni Kaskazini Ndogo, kutokana na lango la zamani la mji. Jengo la Tianxiu, lililo katika barabara ya Huanshi, lina maduka ya jumla ghorofa juu ya ghorofa. Upande wa Sanyuanli yako masoko mengine. Humo husikika Kifaransa cha Guinea na Mali, Kiingereza cha Nigeria, Kiarabu, Kilingala, na Kiswahili cha aina nyingi: cha Dar es Salaam, cha Nairobi, cha Bujumbura, cha Bukavu, na cha Lubumbashi. Msafiri wa Lubumbashi asiyejua Kiingereza huona faraja kubwa amsikiapo Mtanzania akisema na simu. Amepata ndugu wa lugha, na mara nyingi humfanya awe wakala wake.

Hapo ndipo penye mtego, nao umefichwa katika kitenzi ambacho mfanyabiashara hawezi kukiepuka hata kwa siku moja. Katika Kiswahili sanifu kuuza ni kutoa mali na kupokea fedha. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, kama katika sehemu kubwa ya Kongo ya mashariki, kuuza ni kutoa fedha na kupokea mali. Anayetoa mali huuzisha. Kununua hujulikana kutokana na shule na vitabu, lakini si neno la sokoni. Chukua mfano wa mama aliyefika dukani na kumwambia wakala wake: "Minataka kuuza nguo." Wakala, kwa adabu ya pwani, atajibu: "Sawa mama, umekuja na nguo gani?" Mara ya kwanza watacheka wote wawili. Hatari ipo siku ambayo hawaonani. Mama amekwisha kurudi Kamalondo, mzigo wake wa kwanza umo katika ghala la wakala, na anatuma ujumbe wa sauti kuhusu marobota matatu ya duka la pili: "Uza yote." Anataka yanunuliwe. Wakala mwenye masikio ya pwani anaweza kuelewa kwamba ameamriwa kuyatafutia mteja.

Wasomi wa Kiswahili sanifu huwa wepesi kusema kwamba watu wa Lubumbashi wamekosea. Hoja hiyo haisimami mtu atazamapo historia ya neno. Katika Kiganda kugula ni kununua, na kuguza ni kumuuzia mtu; katika Kinyarwanda kugura ni kununua, na kugurisha ni kuuza. Mzizi ni ule ule wa kale, na uza ya pwani ni kauli ya kutendesha iliyotokana na kitenzi kilichomaanisha kununua, ambacho pwani ilikiacha na kuweka nunua mahali pake. Pwani ilibaki na mtoto bila mzazi. Watu wa Katanga, kwa upande wao, walilipokea neno uza wakiwa na lugha zenye mpango wa jozi: kwa Kibemba kununua ni ukushita, na kuuza ni ukushitisha. Wakaliona uza kuwa shina, wakaliongezea -isha, na jozi ikakamilika. Edgar Polomé, aliyeandika juu ya Kiswahili cha Lubumbashi mwaka 1968, alikwisha kuonyesha kuwa lugha hii ina kanuni zake na haifai kutazamwa kama pwani iliyoharibika. Kitenzi hiki ni ushahidi mmojawapo.

Ajabu ni kwamba mtego wa namna hiyo hiyo unamngoja msafiri upande wa pili wa meza. Katika Kichina cha taifa kununua ni silabi mai, isiyo mbali kimatamshi na mayi, yaani maji kama yanavyoitwa Lubumbashi. Na kuuza ni silabi hiyo hiyo, mai. Kinachotofautisha ni toni. Kununua husemwa kwa sauti inayoshuka chini na kuinuka kidogo, kuuza kwa sauti inayoanguka ghafla kutoka juu. Katika Kikantoni, lugha ya wenyeji wa Guangzhou, mambo ni vivyo hivyo: silabi moja, toni mbili. Mgeni aliyejifunza maneno thelathini kwenye ndege hawezi kuzisikia. Mwenye Kiluba au Kibemba cha nyumbani ana nafuu kidogo, kwa kuwa lugha hizo zina toni na masikio yake yamekwisha kuzoezwa utotoni; aliyekulia katika Kiswahili peke yake hana msaada huo, maana Kiswahili kimezipoteza.

Na tena maandishi yanafuata mpango wa Katanga. Alama ya Kichina ya kuuza ni ile ile ya kununua ikiwa imeongezewa mikwaju miwili iliyokingamana kichwani. Katika umbo la kale nyongeza hiyo ilikuwa alama yenye maana ya kutoka nje. William Baxter na Laurent Sagart, katika kitabu chao cha mwaka 2014 juu ya Kichina cha kale, wanajenga upya neno la kuuza kuwa lile la kununua pamoja na kiambishi tamati kilichofifia baadaye na kuacha toni tu. Mchina wa kale, basi, alifanya kama mama wa soko la Kenya: alichukua neno la kununua, akaliongezea kidogo mwishoni, akapata kuuza.

Kwa hiyo neno la mama huyo hupita viungo viwili ambavyo kila kimoja kinaweza kuligeuza. Kiungo cha kwanza ni kati ya Lubumbashi na pwani, cha pili ni kati ya mgeni na Mchina. Cha pili wote hukiogopa na kukichunga. Cha kwanza hakichungwi, kwa sababu wasemaji wote wawili wanaamini kuwa wanasema lugha moja. Hata Mchina aliyesoma Kiswahili hatausaidia upande wa Lubumbashi. Redio ya Beijing ilianza kutangaza kwa Kiswahili tarehe 1 Septemba 1961, na vyuo vya huko vimefundisha lugha hii tangu miaka hiyo ya 1960, lakini kinachofundishwa ni Kiswahili sanifu, ambamo kuuza hakuna maana ila moja. Wachina waliofanya kazi Kolwezi au Lubumbashi kwenyewe, hasa baada ya mkataba wa Sicomines wa mwaka 2008, ndio wanaoweza kuwa wamelisikia neno hilo kwa maana ya Katanga.

Hesabu na kikokotoo

Katika masoko ya Guangzhou bei haisemwi, huonyeshwa. Mwenye duka huandika tarakimu katika kikokotoo na kumgeuzia mteja. Mteja hufuta, huandika yake, humrudishia. Mazungumzo yote yanaweza kwisha hivyo pasipo neno. Mwanaisimu wa Ghana Adams Bodomo, aliyewachunguza Waafrika wa Guangzhou na kuchapisha kitabu juu ya Waafrika walioko China mwaka 2012, ameyaita mawasiliano ya namna hii mawasiliano ya kikokotoo. Mtu anaweza kudhani ni dalili ya umaskini wa lugha. Kwa kweli ni busara, na sababu zake zafaa zielezwe.

Katika lugha ya taifa ya China nne ni si na kumi ni shi, kila moja na toni yake. Watu wengi wa kusini hawatofautishi s na sh, kwa hiyo katika vinywa vyao nne na kumi hubakiwa na tofauti ya toni tu, na kumi na nne huwa karibu sana na arobaini. Kisha kuna namna ya kuhesabu makumi ya maelfu. Mchina ana neno moja, wan, kwa 10,000, kama Mswahili wa pwani alivyo na laki kwa 100,000. Na katika mazungumzo humalizia kwa mkato. Akisema wan tatu na tano, anamaanisha 35,000. Mkalimani asiye mwangalifu hutafsiri 30,005, na pengo la karibu yuan 5,000 huonekana siku ya kulipa. Hata vidole si salama, kwani Wachina huonyesha sita hadi kumi kwa mkono mmoja, na kidole gumba pamoja na cha shahada vilivyonyooshwa ni nane. Mtu wa Lubumbashi anaweza kudhani ametajiwa mbili, akafurahi bure.

Kwa upande wake mgeni naye ana hesabu yenye mchanganyiko. Vincent de Rooij, katika utafiti wake wa mwaka 1996, alionyesha jinsi Kifaransa kilivyoingia ndani ya mazungumzo ya Kiswahili cha Shaba, na kila anayeishi Lubumbashi anajua kwamba fedha nyingi huhesabiwa kwa Kifaransa hata sentensi iwe ya Kiswahili. Lakini ni Kifaransa kilichopitia Ubelgiji: sabini ni septante, tisini ni nonante. Mkalimani wa Guinea au Mali husema soixante-dix na quatre-vingt-dix, na kijana wa Kichina aliyejifunza Kifaransa cha Paris hutumia hayo hayo. Akisikia septante kwa mara ya kwanza anaweza kutulia akidhani ni jina la bidhaa. Ndipo kikokotoo kinapopatanisha wote.

Hata hivyo kikokotoo kina mpaka wake. Kinaonyesha kiasi, hakionyeshi masharti. Hakiwezi kusema kama bei ni ya kipande kimoja au ya dazeni, kama rangi zitachanganywa, kama mali itafanana na sampuli, wala ni nani atakayelipa gari la kuipeleka ghalani. Viwanda vya vigae vya Foshan, mji jirani, huomba mara nyingi asilimia 30 ya thamani kuwa kishika nafasi, yaani arbuni, na salio kabla ya kontena kufungwa. Baada ya salio kulipwa, nguvu ya mnunuzi imekwisha. Mambo haya yote ni ya maneno, na maneno yanamhitaji mtu wa kati.

Watu wa kati

Watu wa kati wa Xiaobei ni wa namna nyingi. Wamo wanafunzi wa Kiafrika waliosoma Kichina katika vyuo vya huko, wamo Wachina Waislamu wa kaskazini-magharibi waliojifunza Kiarabu, na wamo wafanyabiashara wazoefu waliofungua ofisi za kusafirisha mizigo. Gordon Mathews na wenzake, katika kitabu chao juu ya Guangzhou kilichotoka mwaka 2017, wanawaeleza watu hawa kuwa zaidi ya wakalimani: wanamweleza kila mmoja desturi za mwenziwe, na wanadhamini uaminifu mahali ambapo mahakama iko mbali. Wakongo huwaita kwa neno la Kifaransa, commissionnaire, nalo linaeleza waziwazi kwamba mtu huyu anaishi kwa kamisheni. Wengine huipata kwa mgeni, wengine kwa mwenye kiwanda, na wako wanaoipata pande zote mbili. Mgeni anayeuliza mapema kamisheni inatoka wapi hafanyi utovu wa adabu.

Kumpata mtu wa kati mwema kumekuwa kugumu zaidi kadiri jumuiya yenyewe ilivyotikiswa. Julai 2009 mamia ya Waafrika waliandamana mbele ya kituo cha polisi cha Guangzhou baada ya Mnigeria kujeruhiwa alipokuwa akikimbia ukaguzi wa pasipoti. Juni 2012 maandamano yalitokea tena, baada ya Mnigeria mwingine kufia mikononi mwa polisi. Aprili 2020, wakati wa hofu ya Korona, Waafrika wengi walitolewa katika nyumba na hoteli, wakalala nje, na mabalozi wa nchi za Afrika mjini Beijing wakaandika barua ya kulalamika. Wengi waliondoka na hawakurudi. Anayefika Xiaobei leo akiongozwa na masimulizi ya shangazi yake ya mwaka 2010 huukuta mtaa wenye Waafrika wachache kuliko alivyosimuliwa.

Biashara nyingine imehamia katika simu, na huko pia mgeni hukuta mlango umefungwa. WhatsApp, ambayo familia za Lubumbashi hutegemea kwa kila jambo, imezuiwa China tangu mwaka 2017. Laini ya nyumbani ikiachwa ifanye kazi ugenini huweza kuipitisha, kwa kuwa mawasiliano yake hupitia mtandao wa nyumbani, ila kwa gharama. Wachina hutumia WeChat, kwa maneno na kwa malipo. Tangu mwaka 2023 programu za WeChat na Alipay zimepokea kadi nyingi za benki za kigeni. Asiye na kadi bado anaweza kulipa noti za yuan, ambazo kisheria haziruhusiwi kukataliwa, ingawa mwenye kibanda huenda asiwe na chenji.

Siku ya Jumapili wengi hupumzika. Wakatoliki huenda katika kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, lililojengwa kwa mawe matupu kati ya mwaka 1863 na 1888, ambako kuna misa ya Kiingereza; Waislamu wana msikiti wa Huaisheng wenye mnara wa kale. Habari za bei, za maghala na za mawakala waliotoroka hupatikana nje ya milango hiyo kwa uhakika zaidi kuliko dukani, na hapo Kiswahili husemwa kwa raha, kwa kuwa hakuna anayehesabu fedha.

Baada ya mkataba

Wakala mwangalifu huandika makubaliano katika karatasi yenye tarakimu, picha ya bidhaa, na safu mbili zenye vichwa vya Kichina: anayetoa fedha, na anayetoa mali. Vitenzi huachwa kabisa. Ni njia rahisi, nayo inaziba viungo vyote viwili kwa mara moja, kwa sababu mama wa Lubumbashi, Mtanzania na Mchina wote hulitia jina lake katika safu ile ile.

Mali iliyofungwa katika kontena huvuka bahari hadi Dar es Salaam, kisha hupanda malori kupitia Tunduma na Nakonde, hukatiza Zambia, na kuingia Katanga kwa Kasumbalesa. Wafanyabiashara wa mtaji mdogo huchangia kontena moja, kila mtu na vifurushi vyake vilivyoandikwa jina na nambari ya simu, kwa hiyo kifurushi kimoja chenye karatasi mbovu huweza kuwachelewesha wote bandarini. Hapo Kiswahili hutokea tena, safari hii kikiwa lugha ya ofisi: wakala wa forodha wa Dar es Salaam hujaza fomu, na katika fomu pana mahali pa muuzaji na mahali pa mnunuzi. Mama wa Lubumbashi anayempigia simu na kumweleza kwamba mali hiyo ameiuza mwenyewe Guangzhou, na kwamba ushahidi wa malipo anao, hujibiwa kwa swali ambalo haoni linatoka wapi: kama ameiuza, amemuuzia nani, na mzigo huu utolewe kwa jina la nani?